Kuhara Damu kwa Vifaranga: Dawa Kwanza, Vitamini Baadaye

Msomaji na amfikirie mama mwenye nyumba wa Buyenzi, mjini Bujumbura, aliyefungua mlango wa banda lake la kuku asubuhi moja ya mwezi wa Aprili, baada ya mvua iliyonyesha usiku kucha. Vifaranga 30 alionunua wakiwa wa siku moja walikuwa wametimiza wiki 4. Jana yake walikuwa wakimkimbilia kila alipoingia na sahani ya chakula. Asubuhi ile sita kati yao walisimama pembeni, manyoya yamewasimama, mabawa yamelegea, macho yamefumba nusu kama ya mtu mwenye homa. Karibu na bakuli la maji, juu ya matandiko ya randa za mbao, palikuwa na madoa mekundu. Mmoja alikuwa amekwisha kufa. Vifaranga wale hawakuwa mchezo wa watoto; walikuwa ndio madaftari na sare za mwezi wa Septemba.

Mama huyo hakukawia. Alikwenda kwenye duka la dawa za mifugo, akaeleza alichokiona, akapewa pakiti ya amproliamu, ambayo ndiyo dawa ijulikanayo zaidi ya ugonjwa huo. Alipokuwa akifungua fundo la fedha, kijana mwenye duka alimwekea pakiti ya pili mbele yake. "Mama, chukua na hii ya vitamini. Uzichanganye zote katika maji yale yale. Moja itaua ugonjwa, nyingine itawatia nguvu." Mama akamjibu, "Haya, mwanangu, wewe ndiwe ujuaye," akalipa zote mbili.

Siku ya tano walikuwa wamekufa 11, na waliobaki walikuwa bado wakihara. Jirani akasema kwamba dawa za siku hizi ni unga wa muhogo tu. Mama akasadiki, akamwaga maji ya dawa uani, akaapa kutofuga tena. Walakini dawa ile haikuwa ya bandia, na kipimo kilikuwa sawa. Kilichoidhoofisha ni ile pakiti ya pili. Kisa kama hiki hutokea mara nyingi kuliko inavyodhaniwa, na kwa kuwa kosa lake hufanywa kwa nia njema na kwa fedha zaidi, yafaa lielezwe kwa kirefu.

Ugonjwa wenyewe huitwa koksidiosi, na wafugaji wengi huuita kuhara damu. Huletwa na vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, viitwavyo Eimeria, ambavyo huishi ndani ya kuta za utumbo wa kuku. Ziko aina 7 za Eimeria zinazotambuliwa kwa kuku, na kila moja ina sehemu yake ya utumbo iipendayo. Ile iogopwayo kuliko zote, Eimeria tenella, hukaa katika vile vifuko viwili virefu vilivyo karibu na mwisho wa utumbo, nayo ndiyo iletayo damu nyingi. Aina nyingine hazitoi damu ya kuonekana: kifaranga huhara maji au ute wenye rangi ya machungwa, hukonda, upanga na miguu hupauka, na mfugaji hulalamika tu kwamba chakula kinaliwa lakini kuku hawakui. Kwa hiyo asiyeona damu asijipe moyo kwamba koksidiosi haimo bandani mwake.

Namna ugonjwa unavyoenea yafaa ieleweke vizuri, kwa sababu nusu ya tiba imo humo. Kuku mgonjwa hutoa mayai ya vijidudu pamoja na kinyesi. Mayai hayo yakitoka hayana madhara bado. Yanahitaji joto, unyevu na hewa, na yakivipata hukomaa kwa muda wa siku 1 au 2 hivi, yakawa tayari kumwambukiza kuku mwingine atakayedonoa pale. Yakiingia tumboni hupasuka, vijidudu hujipenyeza katika kuta za utumbo, huzaana humo na kuzaana tena, na kila kizazi kikitoka hukipasua chumba kilimokuwamo. Damu huonekana kwa kawaida siku ya 4 hadi ya 6 tangu kifaranga alipomeza mayai hayo. Yai moja huweza kuzaa maelfu kwa maelfu, na yote hurudi katika matandiko.

Hapo ndipo ilipo sababu ya ugonjwa kupamba moto wakati wa masika. Katika bonde la Imbo na kando ya Ziwa Tanganyika joto halikosekani mwaka mzima. Mvua ikija huleta unyevu, na kilichobaki ni msongamano wa vifaranga. Kuku wa kienyeji atembeaye na watoto wake uani hudonoa mayai machache leo na machache kesho, na miili ya watoto wale hujifunza kujikinga polepole. Vifaranga wa mashine, waliofungiwa 30 katika nafasi ya kitanda kimoja juu ya randa zilizolowa, humeza mengi kwa mara moja kabla hawajapata kinga yoyote. Walio hatarini zaidi ni wa wiki 3 hadi 6. Kuku wakubwa wengi walikwisha kuupata ugonjwa kwa kiasi kidogo, wakapona kimyakimya, na sasa hubeba vijidudu bila kuumwa. Ndiyo maana si vizuri kuwaweka vifaranga pamoja na matetea wakubwa katika banda moja.

Kabla ya kununua dawa ni lazima kuwa na hakika kwamba ugonjwa ni huo. Kideri, ambacho ni adui mkubwa zaidi, huua wakubwa na wadogo pamoja. Mara nyingi huleta kikohozi, kinyesi cha kijani, na shingo kupinda. Vifaranga wanaokufa katika wiki 2 za kwanza kwa kuhara kweupe, kinyesi kikigandamana matakoni, kwa kawaida wana ugonjwa mwingine kabisa. Penye daktari wa mifugo apelekewe mzoga ulio mpya. Kwa darubini atayaona mayai ya vijidudu kwa dakika chache. Mahali asipopatikana, mfugaji mwenye moyo anaweza kumpasua mwenyewe kifaranga aliyekufa muda si mrefu. Vile vifuko viwili vikiwa vimevimba na vimejaa damu nyeusi au mabonge, shaka imekwisha. Mikono ioshwe kwa sabuni baadaye, ijapokuwa Eimeria za kuku hazimwambukizi binadamu, wala bata, wala sungura; kila mnyama ana zake.

Sasa iangaliwe dawa. Amproliamu ilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1960, na hadi leo inaaminiwa kwa kuwa ni ya bei nafuu na si rahisi kumdhuru kuku. Siri yake ni udanganyifu. Kijidudu, kama vilevile kuku na binadamu, hakiwezi kuishi wala kuzaana bila vitamini B1, iitwayo pia thiamini. Amproliamu ina umbo linalofanana sana na la thiamini. Kijidudu huipokea kikidhani kimepata chakula, na ile dawa hukaa mlangoni ikaizuia thiamini ya kweli isipite. Kijidudu hufa kwa njaa katikati ya shibe. Kuku naye huzuiwa thiamini kidogo, lakini milango ya kijidudu ni myepesi zaidi kudanganyika kuliko ya kuku, na katika tofauti hiyo ndimo tiba ilimo.

Msomaji amekwisha kuona kosa la mama wa Buyenzi. Unga wa vitamini unaouzwa kwa ajili ya kuku una vitamini za namna nyingi pamoja, na karibu kila mara thiamini ni mojawapo. Ukitiwa katika maji yenye amproliamu, dawa ya uongo na vitamini ya kweli hugombea mlango mmoja, na vitamini ikiwa nyingi hushinda. Fedha ya pakiti ya pili hutumika kuifuta kazi ya fedha ya pakiti ya kwanza. Si kwamba vitamini ni mbaya. Ni kwamba imekuja siku isiyo yake.

Kwa bahati njema, thiamini yenyewe ilijulikana kwa ajili ya kuku. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari wa Kiholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa Batavia katika kisiwa cha Java, mji ambao leo ni Jakarta, akichunguza ugonjwa wa beriberi uliokuwa ukilegeza miguu ya watu na kuwaua. Kuku wa maabara yake walipatwa ghafula na ulegevu uo huo, kisha wakapona ghafula. Baada ya kuuliza aligundua kwamba kwa muda fulani walikuwa wakilishwa wali mweupe uliobaki katika jiko la hospitali ya jeshi, mpaka alipokuja mpishi mwingine aliyekataa wali wa jeshi usiliwe na kuku wa kiraia. Waliporudishiwa mchele usiokobolewa walisimama tena. Katika pumba zile zilizokuwa zikitupwa ndimo thiamini ilimokuwa. Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Yule mpishi mgumu hakupewa kitu.

Hadithi hiyo ina mafunzo mawili kwa banda la leo. La kwanza ni kwamba pumba za mpunga, ambazo katika bonde la Imbo hupatikana kwa wingi na kwa bei nafuu, zina thiamini nyingi. Hali kadhalika machicha ya pombe, kwa ajili ya chachu iliyomo. Chakula cha kawaida kisiondolewe wala kisipunguzwe wakati wa tiba, kwa maana kiasi cha thiamini kilichomo hakiwezi kuishinda dawa. Lakini si wakati wa kuwaongezea wagonjwa sahani ya pumba tupu au machicha kwa kuwahurumia. La pili ni kuhusu kipimo. Anayezidisha amproliamu kwa kipimo kikubwa au kwa majuma mengi, akidhani kwamba dawa nyingi huponya upesi, anaweza kuwaletea vifaranga upungufu ule ule wa Java: miguu hulegea, kifaranga hukaa juu ya visigino, shingo hupinda nyuma kana kwamba anatazama nyota. Aliyefika hapo huachishwa dawa na kupewa thiamini bila kukawia. Hii ndiyo hali pekee ambayo vitamini B1 hupewa haki ya kuivunja dawa.

Vipimo basi. Amproliamu huuzwa kwa nguvu mbalimbali, kwa hiyo maandishi ya pakiti yasomwe kwanza, na asiyejua kusoma amwombe mtoto wa shule amsomee. Ile ya unga yenye nguvu ya asilimia 20 huwekwa gramu 0.6 katika kila lita ya maji, na ugonjwa ukiwa mkali gramu 1.2. Ile ya maji yenye asilimia 9.6 huwekwa mililita 1.25 kwa lita, au mililita 2.5 penye ugonjwa mkali. Kwa kuwa nusu gramu haipimiki kwa kijiko cha chai, ni heri mwenye duka aombwe apime kwa mizani yake vifurushi vidogo vya gramu 3. Kifurushi kimoja hutiwa katika ndoo ya lita 5, au viwili ikiwa damu ni nyingi. Vifaranga 30 wa wiki 4 hunywa kiasi cha lita 2 au 3 kwa siku ya joto. Yanayobaki humwagwa jioni mahali ambapo kuku hawafiki, na asubuhi hukorogwa mapya. Kumwaga dawa huuma moyo, lakini dawa iliyolala katika maji machafu si ya kutegemewa.

Dawa hii hupewa siku 5 mfululizo. Baadaye, kama pakiti yaagiza hivyo, huendelea kwa nusu ya kile kipimo cha kawaida kwa wiki 1 au 2, ili vijidudu vilivyojificha visirudi. Wengi huacha siku ya 3 kwa kuwa damu imekoma, na wiki inayofuata hurudi dukani wakilalamika. Katika siku hizo pasiwe na maji mengine yoyote ya kunywa: si kidimbwi uani, si sufuria iliyoachwa chini ya bomba, si maji ya mvua yachuruzikayo kutoka paani. Kifaranga mwenye njia ya maji matamu hatayagusa ya dawa. Tena wapewe wote kwa pamoja, wazima na wagonjwa. Hili hupuuzwa mno. Amproliamu hufanya kazi zaidi juu ya vijidudu vilivyo katika vizazi vya kwanza, kabla havijapasua utumbo. Kwa hiyo anayeokolewa hasa ni yule anayeonekana mzima leo na ambaye angaliharisha damu siku ya tatu kutoka leo. Aliyekwisha kumwaga damu nyingi huenda akafa hata dawa ikiwa njema na kipimo kikiwa sawa, na vifo vya siku 2 za kwanza si ushahidi dhidi ya dawa.

Mgonjwa wa koksidiosi huacha kula mapema lakini huendelea kunywa kwa muda, na ndiyo sababu dawa huwekwa katika maji wala si katika chakula. Yule aliyedhoofu hata hawezi kulifikia bakuli atengwe katika kikapu chenye joto, adondoshewe maji yale yale ya dawa ubavuni mwa mdomo, tone kwa tone, mara kwa mara. Asibanwe kichwa na kumiminiwa. Maji yakiingia mapafuni atakufa mkononi.

Katazo la vitamini lililoelezwa hapa lahusu amproliamu. Dawa nyingine zina mambo yake. Zile za jamii ya salfa ni za zamani zaidi, nazo hufanya kazi, ila zina ukali: zikizidi kipimo huweza zenyewe kuleta damu kuvuja ndani ya mwili, kwa kuwa baadhi yake huipinga vitamini K, ambayo ndiyo huigandisha damu. Kwa hiyo hupewa kwa vipindi, kwa kawaida siku 3, kupumzika siku 2, kisha siku 3 nyingine, na vitamini K ikipatikana peke yake ni rafiki yao. Kuku wanaotaga wasipewe salfa, maana mabaki yake huingia katika mayai ya kuliwa. Iko pia toltrazurili, ambayo ni ya bei kubwa lakini hupewa siku 2 tu. Ile ya asilimia 2.5 huwekwa mililita 1 kwa lita. Hiyo haina ugomvi na thiamini.

Pakiti ambayo haifai kabisa kwa kazi hii, na ambayo hununuliwa kila siku, ni ule unga wa njano wa oksitetrasaiklini uliochanganywa na vitamini. Huo ni dawa ya bakteria. Eimeria si bakteria, nayo haisikii unga huo hata ukipewa mwezi mzima. Mama akiuchanganya na amproliamu amerudi katika kosa lile lile, maana vitamini imo ndani yake ijapokuwa hakuiomba. Ndiyo maana ni vizuri kuuliza dukani kwa maneno haya hasa: "Je, ndani ya hii mna vitamini B1?" Mwenye duka mwenye kuijua kazi yake hatakasirika.

Je, wagonjwa wakae siku 5 bila kitu cha kuwatia nguvu? Sivyo. Vitamini mbili zenye faida kubwa katika ugonjwa huu, yaani A, ambayo huziponya kuta za utumbo, na K, ambayo hupunguza kuvuja damu, hazishindani na amproliamu. Taabu ni kwamba dukani ni nadra kuzipata peke yake. Lakini bustani inazo. Majani mabichi yenye rangi ya kijani iliyokolea, kama lengalenga, ambao wengine huuita mchicha, au majani ya viazi vitamu, yana K na yana kitu ambacho mwili wa kuku hukigeuza kuwa A, huku thiamini yake ni kidogo. Yaoshwe, yakatwe vipande vidogo, yaninginizwe kwa uzi ili yasikanyagwe kinyesini. Majani ya muhogo mabichi yasitumiwe, yana sumu.

Mama akirudi nyuma na kuanza upya na waliobaki, siku zake zitakuwa hivi. Siku 5 za kwanza ni maji ya amproliamu peke yake, chakula cha kawaida, na majani. Ikiwa anaendelea na nusu kipimo, unga wa vitamini ungoje kabatini hadi siku ya mwisho wa dawa. Siku inayofuata vyombo vya maji vyaoshwa, maji safi yawekwa, na sasa pakiti ile ya pili yafunguliwa: vitamini zote kwa pamoja, kwa siku 3 hadi 5, kwa kipimo kilichoandikwa. Thiamini ambayo ingaliharibu kila kitu wiki iliyopita sasa inatakiwa, kwa kuwa kifaranga naye amepunguziwa yake. Huu ndio pia wakati wa kurudisha pumba za mpunga, ndagala zilizosagwa kwa ajili ya kujenga nyama, na matone machache ya mafuta ya mawese katika chakula. Ule wekundu wa mawese ni chanzo kizuri cha vitamini A. Uzito uliopotea haurudi wote, na tembe waliougua sana huenda wakachelewa kutaga, lakini hao waliopona wana kinga dhidi ya aina ile ya Eimeria iliyowapata. Kinga ya aina moja haizuii nyingine.

Anayetumia chakula cha vifaranga cha dukani aangalie vilevile kama kimekwisha kutiwa dawa ya koksidiosi kiwandani. Chakula cha namna hiyo huzuia, hakitibu, na mfugaji hana budi kumwambia daktari kabla ya kuongeza dawa ya maji juu yake. Kuku aliyepewa dawa asichinjwe wala mayai yake yasiliwe kabla ya kupita siku zilizotajwa kwenye pakiti.

Imebaki sakafu. Kwa kuwa mayai ya vijidudu huhitaji siku 1 au 2 ili yakomae, anayekwangua kila asubuhi matandiko yaliyolowa karibu na bakuli, na kuyaweka makavu mahali pake, huyaondoa kabla hayajawa na nguvu. Bakuli liinuliwe juu ya tofali au mbao hadi usawa wa mgongo wa kifaranga, wasilikanyage wala kulimwaga. Dawa za kawaida za kuoshea sakafu, pamoja na zile za klorini za kung'arishia nguo, haziyaui mayai haya. Ganda lake ni gumu. Yanayoyaua ni maji yanayochemka, jua kali na ukavu. Vifaranga wa awamu hii wakitoka, matandiko yote yachimbiwe shimoni au yarundikwe yaoze kwa joto lake mbali na banda, sakafu imwagiwe maji ya moto, milango iachwe wazi kwa jua wiki 2 nzima. Ikiwa ni masika na jua halipatikani, ni afadhali kungoja Juni kuliko kuingiza vifaranga wapya juu ya unyevu wa wale waliokufa.